Saa 40 kwa Siku Nne: Mwongozo kwa Mtumishi wa Umma Anayetaka Kubana Wiki ya Kazi

Mtumishi wa umma wa Tanzania Bara anayeingia ofisini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, anatimiza saa 40 kwa wiki. Saa hizo hizo zinaweza kutimia kwa siku nne. Mshahara ni uleule na majukumu ni yaleyale. Kinachobadilika ni mgawanyo wa saa, ili siku moja ibaki mikononi mwake.

Haja ya siku hiyo inaeleweka. Wapo watumishi waliohamia Dodoma na Serikali, familia zao zikabaki Dar es Salaam. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024 imefupisha njia, lakini anayetoka kazini Ijumaa alasiri na kutakiwa ofisini Jumatatu asubuhi bado analala kwake usiku mbili tu. Mwingine ana mzazi wa kupeleka kliniki. Mwingine anasoma shahada ya uzamili. Mwingine anaishi Mbagala au Gongo la Mboto, na foleni ya kila siku imemchosha kiasi kwamba kupunguza hata safari moja kwa wiki ni nafuu kubwa.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua mpangilio, sheria inaruhusu nini, na jinsi ya kuandika ombi lenye mashiko. Jambo moja lishike tangu mwanzo: mwajiri wako ana watumishi wengi wenye shida kama yako, hivyo shida peke yake haitamshawishi. Kitakachomshawishi ni uthibitisho kwamba siku usipokuwepo, mwananchi atahudumiwa vilevile.

Kwanza, jua unachoomba

Kubana wiki ni tofauti na kupunguza saa za kazi, na ukichanganya mambo haya mawili ombi lako litakataliwa kabla halijasomwa hadi mwisho. Rwanda ilipopanga upya saa za kazi kuanzia Januari 2023, ilishusha wiki kutoka saa 45 hadi 40. Halmashauri ya South Cambridgeshire nchini Uingereza ilianza mwaka huohuo kujaribu siku nne kwa mshahara kamili, na saa za kazi zikapungua. Umoja wa Falme za Kiarabu nao, kuanzia Januari 2022, uliwapa watumishi wa serikali ya shirikisho wiki ya siku nne na nusu. Hayo ni maamuzi ya serikali au ya halmashauri nzima, na mtumishi mmoja hawezi kuyaomba kwa barua.

Wewe unaomba kufanya kazi saa zilezile kwa siku chache zaidi. Unarefusha siku nne ili uifute ya tano. Huombi kufanyia kazi nyumbani, wala huombi ruhusa ya kutoka mapema. Andika hivyo waziwazi katika aya ya kwanza ya barua yako.

Chagua mpangilio unaokufaa

Kwa wiki ya saa 40, tukihesabu kuanzia saa ya kuingia hadi ya kutoka, mipangilio mikuu ni mitatu.

*Siku nne za saa kumi.* Unaingia saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 11:30 jioni kwa siku nne, na ya tano unapumzika. Huu ndio unaokupa mapumziko marefu, na ndio unaochosha kuliko yote. Unamfaa anayesafiri kwenda kwa familia iliyo mbali.

*Siku tisa kwa wiki mbili.* Unafanya kazi saa tisa kwa siku nane, yaani saa 72, kisha siku moja ya saa nane, jumla saa 80. Siku ya kumi inabaki yako. Kwa vitendo, unatoka saa 10:30 jioni siku nyingi, Ijumaa ya wiki ya kwanza unatoka saa 9:30 kama kawaida, na Ijumaa ya wiki ya pili huji. Ofisi nyingi zitaukubali huu kwa urahisi zaidi, kwa kuwa wawili wanaopokezana Ijumaa wanahakikisha kila wiki mmoja yupo.

*Siku nne na nusu.* Jumatatu hadi Alhamisi unafanya kazi saa tisa kila siku, na Ijumaa unafanya saa nne, kuanzia saa 1:30 hadi saa 5:30 asubuhi. Unamfaa anayetaka nafasi ya kutosha kwa swala ya Ijumaa, au anayetaka kuwahi basi la kwenda kwao mchana.

Kabla hujachagua, jiulize maswali ya nyumbani. Ukitoka saa 11:30 jioni katika Mji wa Serikali Mtumba, utafika kwako saa ngapi? Kama unategemea basi la watumishi linaloondoka baada ya saa 9:30, utarudi kwa usafiri gani, na kwa nauli ya nani? Mtoto anayetoka shule saa 9:00 atapokelewa na nani siku nne mfululizo? Watu hufurahia siku moja ya mapumziko, kisha baada ya mwezi hugundua kwamba siku nne nyingine zimekuwa za kuondoka nyumbani giza na kurudi giza. Fanya hesabu hiyo mapema.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara, wakiwemo walio katika utumishi wa umma, isipokuwa Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005. Aliyeajiriwa huko aanzie hapo.

Kifungu cha 19 cha sheria ya Bara kinaweka kikomo cha kazi za kawaida: siku sita kwa wiki, saa 45 kwa wiki, na saa tisa kwa siku. Angalia maana yake kwako. Mpangilio wa siku tisa na ule wa siku nne na nusu haivuki saa tisa kwa siku, hivyo kwa upande wa sheria hii haina mgogoro. Mpangilio wa saa kumi ndio unaovuka, ukihesabu kuanzia kuingia hadi kutoka, na hapo ndipo kifungu cha 21 kinapoingia.

Kifungu hicho kinaruhusu makubaliano ya maandishi ambayo kwayo mfanyakazi anaweza kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, muda wa chakula ukiwa ndani yake, bila malipo ya saa za ziada. Masharti yake ni matatu: asifanye kazi zaidi ya siku tano kwa wiki, asizidishe saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zisivuke kumi kwa wiki. Siku nne za saa kumi zinatimiza yote.

Neno la kupigia mstari ni *maandishi*. Mkuu wa kitengo akikuambia mdomoni, "Ijumaa usije, tutaelewana," hujapata kitu. Akihamishwa kesho, anayekuja atakukuta mtoro kwenye daftari la mahudhurio. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Mambo mengine mawili ya sheria yanakugusa. Kifungu cha 23 kinakupa mapumziko ya dakika 60 ukifanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Usikubali kuyafuta ili utoke mapema, kwa sababu siku ya saa kumi ndiyo inayoyahitaji zaidi. Kifungu cha 24 kinataka angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Ukitoka saa 11:30 jioni na kurudi saa 1:30 asubuhi, umepata saa 14, na hapo uko salama.

Wa hospitali wafanye hesabu yao kwa makini. Zamu ya saa 12 yenye saa moja ya chakula ambayo kweli uko huru ni saa 11 za kazi, na zamu nne ni saa 44. Umo ndani ya kikomo. Lakini kama muda wa chakula unakukuta wodini, tayari kuitwa wakati wowote, saa hiyo nayo ni ya kazi. Zamu nne zinafika saa 48, na kikomo kimevukwa. Muuguzi anayepangiwa zamu za namna hiyo ana haki ya kuuliza muda wake wa chakula unahesabiwaje.

Pima kazi yako kabla hujapima hamu yako

Chukua karatasi, uandike kazi zako zote za wiki mbili zilizopita. Mbele ya kila moja jibu maswali mawili: ni lazima ifanyike siku fulani? Ni lazima ifanywe na mimi?

Mchumi anayeandaa taarifa za robo mwaka, mkaguzi wa ndani, mtakwimu, mhandisi anayeandaa michoro na mtunza kumbukumbu watakuta kazi nyingi zinahamishika. Mhasibu atakuta zinahamishika isipokuwa siku za kufunga hesabu za mwezi. Afisa wa dirisha la vibali, mtendaji wa kata na mpokezi hospitalini watakuta karibu kila kitu kimefungwa kwenye siku na saa. Hao hawajazuiwa kuomba, ila hawawezi kuomba peke yao: lazima waombe pamoja na mwenzao atakayeshika nafasi.

Kuna kazi ambazo saa ya tisa na ya kumi ni hatari. Dereva wa safari ndefu, fundi wa umeme na mtu wa maabara wasiongezewe saa kwa siku bila kutazama uchovu. Kosa la saa ya mwisho linaweza kugharimu zaidi ya siku ya mapumziko.

Tazama pia kama ofisi yenyewe inaishi hadi saa 11:30 jioni. Mlinzi anafunga lango saa ngapi? Yupo wa kusaini ukihitaji idhini saa 10:45? Wananchi wanajua kwamba upo? Afisa anayekaa peke yake kwenye jengo tupu bila kazi ya kufanya amehamisha saa zake kwa jina tu.

Jifunze kwa waliotangulia

Mwaka 2008 jimbo la Utah nchini Marekani, chini ya Gavana Jon Huntsman, lilihamisha sehemu kubwa ya watumishi wake kwenye siku nne za saa kumi, Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa majengo yakafungwa. Lengo kubwa lilikuwa kupunguza gharama za nishati. Akiba ikawa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, na wananchi wakalalamika kwamba wakifika Ijumaa wanakuta milango imefungwa. Mwaka 2011 Bunge la jimbo likarudisha wiki ya siku tano.

Gambia nayo, kuanzia Februari 2013, chini ya Rais Yahya Jammeh, iliwapangia watumishi wa umma siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Ijumaa ikaachwa kwa ibada na shughuli nyingine kama kilimo. Rais Adama Barrow alipoingia madarakani mwaka 2017, Ijumaa ikarudishwa kuwa siku ya kazi, nusu siku.

Serikali Kuu ya Marekani imekuwa na utaratibu huu kwa sheria ya mwaka 1982, na bado inao. Huko mpangilio unapangwa kwa taasisi, kitengo na mtumishi. Ofisi haifungwi kwa sababu fulani yuko mapumziko. Hiyo ndiyo njia ya kuifuata: watu wapokezane siku, mlango ubaki wazi.

Andika ombi

Anza na wenzako wa kitengo. Waambie unachotaka, uwasikilize nao wanataka nini. Kama watu wanne wote wanaitaka Ijumaa, pangeni zamu sasa hivi, kabla bosi hajaona mgongano huo na kuutumia kama sababu ya kukataa. Mmoja anaweza kuchukua Jumatatu, mwingine Jumatano. Kisha mwone afisa utumishi, umuulize njia ya barua. Saa za kazi za Serikali hupangwa na Serikali, kwa hiyo ombi lipitie kwa mkuu wako wa kitengo hadi kwa mwajiri: katibu mkuu, mkurugenzi wa halmashauri au mtendaji mkuu wa taasisi. Yeye naye anaweza kuhitaji kibali cha Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Mwandikie barua ambayo naye ataweza kuitetea akiulizwa na walio juu yake.

Barua isizidi kurasa mbili. Iwe na mambo haya:

1. Mpangilio unaoomba, siku kwa siku na saa kwa saa, ukionyesha jumla ya saa 40.
2. Cheo cha atakayekushikia siku usiyokuwepo, na kwamba amekubali.
3. Majukumu na malengo uliyojaza kwenye mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji, na jinsi yatakavyotimia kwa tarehe zilezile.
4. Faida kwa mwananchi: kwa mfano, dirisha litakuwa wazi hadi saa 11:30 jioni siku nne kwa wiki, hivyo mfanyabiashara hatalazimika kufunga duka kufuata huduma.
5. Muda wa majaribio, na haki ya mwajiri kukurudisha kwenye ratiba ya kawaida.

Aya ya katikati inaweza kusomeka hivi:

"Naomba kufanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 11:30 jioni, Jumatatu hadi Alhamisi, jumla ya saa 40 kwa wiki, kwa majaribio ya miezi mitatu. Siku ya Ijumaa majukumu yangu ya kupokea na kusajili maombi yatashikwa na Afisa Msajili wa pili, ambaye naye atapumzika Jumatatu, siku ambayo nitashika yake. Dirisha litaendelea kuwa wazi siku zote tano. Endapo kutakuwa na kazi ya dharura siku ya Ijumaa, nitafika ofisini na kupangiwa siku nyingine ya mapumziko ndani ya wiki mbili."

Sababu zako binafsi zitaje kwa sentensi moja au mbili, mwishoni.

Yakubaliwe mapema

Ugomvi mwingi huzuka kwenye mambo madogo ambayo hakuna aliyeyafikiria. Yaandikeni.

*Sikukuu.* Ijumaa Kuu haijawahi kuangukia siku nyingine. Anayepumzika kila Ijumaa ataikuta iko ndani ya mapumziko yake, wakati wenzake wamepata siku ya ziada. Je, atapewa siku nyingine? Na Nane Nane ikiangukia siku yako ya saa kumi, unadaiwa saa mbili, au siku nzima imehesabiwa? Serikali Kuu ya Marekani humpa mtumishi siku mbadala katika hali ya kwanza, na katika ya pili huhesabu saa zake zote za siku hiyo. Nanyi chagueni kanuni moja, muiandike.

*Likizo.* Sheria inatoa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani. Kwa kuwa ni siku za kalenda, kubana wiki hakukuongezei wala kukupunguzia. Usijaribu kuhesabu Ijumaa zako nje ya likizo.

*Ugonjwa.* Ukiugua siku yako ya mapumziko, imepita. Ukiugua siku ya kazi, ni ugonjwa wa siku moja hata kama siku hiyo ilikuwa na saa kumi.

*Mafunzo na safari za kikazi.* Semina ya siku tano haifuati ratiba yako. Kubalianeni kwamba wiki ya semina au safari unarudi kwenye saa za kawaida.

*Saa za ziada.* Saa ya tisa na ya kumi ndani ya makubaliano si za ziada na hazilipwi hivyo. Ukiitwa kazini siku yako ya mapumziko, ijulikane kama ni kubadilishana siku au ni kazi ya ziada.

*Mama anayenyonyesha.* Sheria inampa hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Haki hiyo haifutwi na mpangilio mpya. Siku ya saa kumi ni ndefu kwa mtoto mchanga. Mpangilio wa siku tisa utamfaa zaidi.

*Ramadhani.* Kwa anayefunga, kutoka saa 11:30 jioni kunamwachia muda mfupi sana kabla ya futari. Wekeni kipengele cha kurudi saa za kawaida kwa mwezi huo.

*Shughuli binafsi.* Siku ya mapumziko ni yako, lakini maadili ya utumishi hayapumziki. Usiitumie kufanya kazi inayogongana na majukumu yako, wala kumhudumia kwa malipo mteja yuleyule unayemhudumia dirishani.

Jaribu kwa miezi mitatu, uweke kumbukumbu

Miezi mitatu inatosha kupita robo mwaka moja ya taarifa na angalau sikukuu moja au mbili. Weka kumbukumbu rahisi kila wiki: majalada yaliyoingia na kutoka, malalamiko yaliyopokelewa, mara ulizoitwa siku ya mapumziko, na siku ulizochelewa au kuugua. Andika pia takwimu za miezi mitatu kabla ya majaribio, maana bila hizo hutakuwa na cha kulinganisha.

Mwishoni andika taarifa ya ukurasa mmoja. Kama majalada yamepungua kasi, sema, na upendekeze marekebisho, pengine kutoka siku nne kwenda siku tisa kwa wiki mbili. Kiongozi anayeona unajipima mwenyewe hana sababu ya kukupima kwa dhana.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, kwa heshima. Kama sababu ni pengo la huduma, lijaze, kisha uombe tena baada ya robo mwaka. Kama ni hofu ya kufungua mlango kwa watu wote, lipeleke jambo kwenye baraza la wafanyakazi au kwa tawi la chama chenu cha wafanyakazi, kiwe TUGHE, TALGWU au kingine, lijadiliwe kama sera ya ofisi nzima. Makubaliano yanayofikiwa kwa njia hiyo yana nguvu kuliko ruhusa ya mtu mmoja, na hayaondoki na bosi anayehama.

Usifanye kosa la kujipa siku hiyo mwenyewe kwa kisingizio kwamba umekaa hadi jioni siku nne. Bila idhini, hiyo ni utoro, na saa ulizokaa zaidi hazitakutetea mbele ya kamati ya nidhamu.

Sheria ya mwaka 2004 imeshaweka nafasi hii. Inayobaki ni kazi yako: hesabu saa zako, mtafute wa kukushikia, andika barua, na hakikisha anayefika ofisini siku usipokuwepo anaondoka amehudumiwa.